Siku Niliyotangaza Sadaka Keringet

Mliponiaga kazini mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika juu ya kabati la vyombo, na kila asubuhi inanipigia kengele kunijulisha kwamba sina pa kuwahi. Nawashukuru. Nawashukuru pia kwa keki, ingawa jina langu lilikosewa herufi moja, na kwa maneno mazuri ambayo nusu yake hayakuwa kweli. Vyeo vyangu mlivisoma vyote siku ile, kwa hiyo sivirudii hapa.

Naandika kwa sababu ya Fauzia. Fauzia ndiye aliyechukua kiti changu, na wiki moja kabla sijaondoka alinijia na kile kitabu cha mafunzo tunachowapa wafanyakazi wapya, amekifungua kwenye ukurasa wa matangazo.

"Mathe," akaniuliza, "hapa umefuta neno sadaka na kalamu nyekundu. Umelifuta mara tatu. Si sadaka ndio kazi yetu?"

Nilikuwa na watu mlangoni, nikamwambia nitamwandikia. Akacheka, akidhani ni ile ahadi ya kumfukuza mtu kwa adabu. Basi Fauzia, keti, na wenzako nao wasome.

Mimi niliingia kazi hii kwa mlango wa sindano. Nilikuwa fundi cherehani Bondeni, hapa Nakuru, nikishona sare za shule. Ramadhani moja ikikaribia, mtu aliyekuwa akishona magunia ya chakula cha msaada pale stoo ya shirika letu aliumwa mgongo, wakatafuta mtu anayejua uzi. Nilifika asubuhi na mkasi kwenye mkoba, nimevaa viatu vya harusini kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ni ofisi. Nikakuta ghala la mabati nyuma ya muuza mbao. Kabla ya adhuhuri vumbi la unga lilikuwa limenitia mvi kichwa kizima.

Mwenye stoo alikuwa Mzee Idi. Alikuwa mtu mfupi, wa sweta la kijivu mwaka mzima hata Januari lami ikiyeyuka, na alikuwa na ugomvi wa kudumu na panya, ambao aliwatukana kwa sauti ya chini ili malaika wasisikie. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso, akarudi kwenye viatu.

"Binti," akasema, "umekuja kazi ama umekuja kuposwa?"

Kisha akanipa sindano ya gunia na uzi wa katani, akaketi juu ya debe kunitazama. Mshono wangu wa kwanza ulinyooka kama mstari wa rula. Aliukata wote. Akanieleza kwamba sare hushonwa isifunguke, lakini gunia la chakula hushonwa lifunguliwe na mama aliyechoka, asiye na kisu, kwa mvuto mmoja. Ukivuta uzi unaofaa, mdomo wote unaachia trrr! Ukivuta mwingine, utakaa hapo mpaka magharibi. Ilinichukua siku nne kuujua mshono ule, na siku hizo nne nilirudi nyumbani vidole vimevimba na moyo umenuna.

Alinifundisha pia gorogoro, lile kopo la bati la kilo mbili ambalo kila mama wa sokoni anapimia mahindi. Nilidhani nalijua tangu utotoni. Mzee Idi akanionyesha jinsi wachuuzi wengine wanavyoligonga chini mpaka kitako kinabonyea kwa ndani, mahindi yanapungua na jicho halioni. Kila kopo lililoingia stoo alilitia kiganja na kulipapasa kitako, kama daktari anayepapasa tumbo. Hakuna kopo lililobonyea lililowahi kumpita. Nanyi mna mizani ya umeme sasa, lakini nimeona umeme ukipotea Molo siku nzima, kwa hiyo jifunzeni kupapasa.

Na alikuwa na sheria moja ambayo hata mkurugenzi hakuthubutu kuigusa: gunia lililofunguliwa halirudi stoo. Likifunguka njiani, kwa ajali au kwa makusudi, libaki huko huko lilikofungukia. Sababu yake ilikuwa panya.

Somo kubwa kuliko yote lilikuwa la maneno. Chakula kile kilitoka kwa Waislamu wa kila upande wa dunia: mwenye duka wa Mombasa, nesi wa Uingereza, familia za Malesia na Uturuki ambazo Nakuru haziijui hata kwenye ramani. Kila mtu alikuwa na nia yake alipotoa. Mzee Idi aliyapanga magunia kwa nia hizo, ukuta huu zaka, ukuta ule sadaka, na ole wako uchanganye. Zaka ni faradhi, na wenye haki nayo wametajwa. Hapa kwetu tuliigawa kwa Waislamu wenye shida. Sadaka ni hiari, na inamfikia yeyote mwenye njaa, awe anasali Ijumaa, Jumapili, au hasali kabisa.

"Mtu ametuamini na neno lake," alizoea kuniambia. "Alisema sadaka, wewe useme sadaka. Alisema zaka, useme zaka. Usimgeuzie."

Nililishika somo lile sana. Kama ningekuwa mwanafunzi mvivu, haya ninayowaandikia yasingetokea.

Baada ya miaka kadhaa nilitolewa stoo nikapewa kazi ya nje, kuandikisha watu na kutangaza. Walinipa spika ya mkononi, ile ya betri sita, kwa kuwa sauti ya Mzee Idi haikuvuka meza. Niliipenda spika ile kuliko inavyofaa kupenda kifaa. Nilitangaza Subukia, nilitangaza Molo, nilitangaza mahali ambapo waliokuwa wakinisikiliza ni kondoo watupu. Molo ndiko nilikojifunza kwamba mafuta ya kupikia huganda kwa baridi. Mama mmoja alikitikisa kibuyu cha mafuta tuliyompa, kikakataa kumiminika, akaniuliza kwa heshima zote kama tumemletea mafuta ya nguruwe.

"Mama," nikamwambia, "sisi?"

Alicheka mpaka akashika mti.

Sasa nifike Keringet, huko juu milimani. Mwaka huo baridi ilichoma viazi vya pande zile kwa usiku mmoja, majani yakawa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Msimu uliotangulia mahindi yalikuwa yamekauka kwa ugonjwa yakiwa bado hayajabeba. Watu walikuwa wamekula mbegu. Tulipata habari ikiwa katikati ya Ramadhani, na kwa kuwa Keringet Waislamu unawahesabu kwa vidole, lori lilijazwa kutoka ukuta wa sadaka. Mzee Idi, ambaye mwaka ule aliomba kwenda nasi ingawa magoti yalikuwa yamemchoka, alinikumbusha tena nikipanda gari: "Hii ni sadaka, Halima. Si zaka."

Siku moja kabla ya kugawa, nilizunguka miteremko ile kwa pikapu na dereva wetu Kamau, nimeitoa spika dirishani. Nakumbuka maneno yangu neno kwa neno, kwa sababu nimeyasikia kichwani miaka mingi baadaye.

"Wananchi wa Keringet! Kesho ni siku ya sadaka! Uwanja wa shule, saa tatu asubuhi! Kila mtu afike, asibaki mtu! Kutoa ni moyo, si utajiri!"

Lile la mwisho niliwakusudia wafadhili. Nilitaka watu wajue kwamba kile chakula kilitolewa kwa moyo na watu wasiowajua. Pia lilikuwa linatoka vizuri kwenye spika, nikalirudia kila kona.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa umeukalia uwanja. Hatujashusha hata gunia moja, akatokea mama mmoja mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu. Alitoa mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba ya gome, akauweka mbele yangu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Ndani mlikuwa na mahindi makavu, kama nusu gorogoro.

Nilidhani ni desturi ya kuwakaribisha wageni. Nilifurahi kabisa. "Ahsante sana mama, Mungu akubariki," nikamwambia, nikampa Kamau mfuko auweke mbele kwenye lori. Mzee Idi aliomba dua ya kufungua shughuli, yule mama akaitikia amina kwa sauti, akajifuta mikono kwenye sketi, akaondoka zake. Sikumuuliza jina. Daftari langu lilikuwa la kuandika wanaopokea.

Wa pili alikuwa mzee aliyevaa koti la Jumapili. Aliweka sarafu mezani. Nikamwambia, "Hapana mzee, leo ni bure." Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia maneno ya adabu tu. Wa tatu alikuwa mtu wa makamo, ameshika kuku miguuni, kuku anatutazama wote kichwa chini. Akaniuliza, "Madam, bahasha mko nazo, ama naweka tu hivi?"

"Bahasha ya nini?"

"Ya sadaka."

Nyuma yangu Kamau, ambaye ni mtu wa kanisa tangu kuzaliwa, alianza kukohoa. Nilipogeuka nikaona anacheka. Nikamwuliza anachocheka, na hapo ndipo nilipoelezwa mbele ya kuku. Kwa Kamau, na kwa kila mtu wa milima ile, sadaka haigawiwi. Sadaka unapeleka. Ni kile unachotia kwenye kikapu Jumapili. Mimi nilikuwa nimezunguka siku nzima nikiwaambia watu wenye njaa walete matoleo, na nikawawekea na methali juu yake.

"Na wewe jana ulikuwa unaendesha gari masikio yakiwa wapi?" nikamfokea.

"Mathe, mimi nilifikiria ni vile nyinyi hufanya," akajibu. "Mtu anatoa kidogo ndio apewe."

Nilishika spika nikasahihisha. Nilisema unga, nilisema maharagwe, nilisema bure, bure, bure, mpaka betri zikalegea. Watu walicheka, mzee akarudisha sarafu zake mfukoni, kuku akageuzwa kichwa juu, na mstari ukapangika. Tuligawa vizuri. Lakini kufikia alasiri magunia zaidi ya thelathini yalikuwa bado garini, na mwaka wa njaa magunia hayabaki. Nikamwita Mzee Langat, mzee wa kijiji aliyetupa idadi ya nyumba, nikamwuliza wengine wako wapi.

"Hao wa huko chini?" akasema, akionyesha mteremko wa upande wa msitu. "Hao hawana kitu ya kutoa. Watakuja kufanya nini na mikono tupu?"

 Wenye njaa kuliko wote walikuwa wamekaa nyumbani kwa aibu, na aibu ile niliipeleka mimi, mlango kwa mlango, kwa spika. Tukakubaliana vijana wa Langat wayapeleke magunia huko kwa punda kabla jua halijashuka. Alipokuwa anaondoka kwenda kuwaita, aligeuka.

"Na mama Cherono alipata?"

"Cherono yupi?"

"Ule wa asubuhi. Wa mahindi. Ako na wajukuu watatu." Akasogea karibu. "Hiyo ndio ilikuwa imebaki kwa hiyo nyumba, madam. Mimi nilijua kwa sababu mke wangu ndiye alimpatia, juzi."

Nimeona mengi kazini. Nimeona lori limezama kwenye tope na watu mia wanangoja, nimetukanwa na diwani, nimeangukiwa na mlima wa katoni. Lakini hayo yote hayakuwa makosa yangu; hili lilikuwa langu. Nilikuwa nimempokea mwenye njaa chakula chake cha mwisho, nikamwambia Mungu akubariki, nikamwacha aende.

Lori halikuweza kushuka kwa utelezi. Kamau alijitwika gunia begani bila kuambiwa, mimi nikaubeba ule mfuko, na Mzee Idi akakata fimbo mbili za uzio akasema naye anakuja. Nilimsihi abaki. Alinijibu kwamba stoo ni yake na kila kilichotoka stoo kitamwuliza yeye. Tulishuka polepole, saa nzima, magoti yake yakilia kwa kila hatua.

Tulimkuta mama Cherono nyuma ya nyumba anachuma managu. Jikoni sufuria ilikuwa motoni, ndani maji na mboga ile tu. Watoto watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi, wametulia. Waliowahi kuona njaa wanajua kwamba mtoto aliyetulia hivyo hajafundishwa adabu, amechoka. Aliponiona, kisha akaona mfuko wake mkononi mwangu, uso ulimsawijika.

"Mmekuja kwa sababu ilikuwa kidogo?" akauliza.

Nililia. Sioni haya kuliandika. Nilimweleza huku nalia, maneno hayafuatani, kwamba ni makosa yangu, kwamba sisi ndio tulikuja kutoa, kwamba mahindi yake ni haya na gunia hili ni lake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akausukuma mfuko urudi kwangu.

"Hiyo ni sadaka," akasema. "Nilishatoa, nikaombewa, nikasema amina. Mtu anarudishiwa sadaka wapi?"

"Basi chukua gunia."

"Nichukue, halafu ikuwe nilitoa ndio nipewe? Hapana. Hiyo ni biashara."

Nilimgeukia Mzee Idi anisaidie. Yeye, kwa ukaidi wake, akatikisa kichwa. "Amesema kweli," akasema. "Hata kwetu, aliyetoa hairudii." Nusura nimrushie ule mfuko. Nyuma yetu watoto walikuwa wanalitazama gunia, na jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya msitu.

Mzee Idi akaketi juu ya gogo bila kukaribishwa. Alipumua kidogo, akasema, "Mama, mimi ni mgeni kwako. Nimefunga tangu alfajiri, na magoti haya hayanifikishi Nakuru bila chakula. Unga nimebeba. Sina jiko wala mwenyeji. Utanipikia?"

Mama Cherono alimtazama muda mrefu. Alilitazama gunia, akamtazama tena, na mimi naamini alielewa kila kitu.

"Mgeni hawezi kulala njaa kwa hii boma," akasema hatimaye.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akajibu mzee, akanyoosha mkono akavuta uzi. Alivuta unaofaa. Mdomo wa gunia ukaachia trrr, na mtoto mdogo akacheka.

Ugali ulisongwa mkubwa. Jua lilipozama tulifungua saumu kwa maji, tukasali nje kwenye nyasi, na tuliporudi Mzee Idi alikataa kugusa sahani mpaka watoto wamekula. "Sisi leo tumefunga kwa kupenda," akasema. Kamau, ambaye hakufunga na alikuwa ameshakula mchana, alikula kuliko wafungaji wote. Tulipokuwa tunanawa, mama Cherono akaanza kulifunga gunia atupatie. Mzee Idi akamwonyesha mikono mitupu.

"Limefunguka, mama. Stoo yangu hailipokei tena. Muulize huyu."

Nikaapa kwamba ndiyo sheria. Kwa mara ya kwanza niliwashukuru panya.

Kabla hatujaondoka nilimwomba mama Cherono radhi. Nilimwambia nilitangaza vibaya, na kwamba nisingetumia neno lile watoto wake wangekula mapema.

"Ulitangaza vizuri," akasema. Alikuwa anasugua sufuria, hakuniangalia. "Tangu mzee wangu akufe na ng'ombe ikauzwa, watu wanakuja hapa na kitu kwa mkono, wanaweka, wanaenda. Sikatai, wanasaidia. Lakini hata kanisa, kikapu ikifika kwangu, inaruka. Wananihurumia. Inapelekewa ule mwingine." Akaipindua sufuria ikauke. "Hiyo spika yako haikuniruka."

Fauzia, niliporudi ofisini ndipo nilipochukua ile kalamu nyekundu. Kwenye matangazo ya huko juu tunasema chakula cha bure, ili asibaki mtu nyumbani kwa aibu. Neno sadaka linabaki stoo, ukutani kwake. Lakini pia ndiyo sababu kila nilipofika kijijini niliwaomba watu kitu kabla sijawapa: kamba, maji, mtu wa kunishikia meza. Najua mlikuwa mnanicheka, mathe ana chupa ya maji mkobani na bado anaomba maji. Nilikuwa nawaona.

Bado nilikuwa na ule mfuko. Kwenye lori niliuweka mapajani, sijui nifanye nao nini, na Mzee Idi akasema amana huwa inafikishwa. Kesho yake niliupeleka kwa Bibi Mastura, mjane asiyeona aliyeishi peke yake nyumba chache kutoka stoo, ambaye Ramadhani ile alikuwa anafuturu kwa chai na alichobahatika. Aliyapapasa mahindi, akayasikiliza yakimwagika kati ya vidole.

"Hii imetoka wapi?" akauliza.

Watu wengi huuliza hivyo, na jibu letu siku zote lilikuwa ng'ambo. Nikamwambia imetoka Keringet, kwa mama anaitwa Cherono, ambaye hakuwa na kingine. Bibi Mastura akaufunga mfuko kwa kamba yake. Kisha akasema, "Mwambie imefika."

Nilikawia. Sikukuu ya Idi ilipita, mvua ikaja, kazi nayo haikosi visingizio. Ukweli ni kwamba niliona vibaya kwenda. Nilikuwa sijawahi kuingia boma la mtu bila gunia, bila daftari, bila spika. Mwishowe nilikwenda siku yangu ya mapumziko, kwa nauli yangu, na sikubeba kitu, kwa sababu nilijua nikibeba nitaharibu tena.

Mama Cherono alikuwa shambani anapanda viazi. Aliniona nimesimama penye uzio, akaangalia mikono yangu, kisha akaja.

"Nimekuletea habari," nikamwambia. "Yale mahindi yako yamefika. Nimempa bibi mmoja wa Nakuru, hana macho wala mtu wa kumsaidia. Amesema nikwambie yamefika."

Aliweka jembe chini. "Yalifika? Kweli?"

"Kweli."

"Alikula?"

"Alikula. Aliyachanganya na maharagwe akapika githeri, akafuturu nayo siku mbili."

Alifunika mdomo kwa kiganja chenye udongo, na juu ya kiganja macho yake yalikuwa yanacheka. Kisha akaniuliza, "Alishiba?"

Waliotoa wameniuliza mengi katika kazi hii. Wameniuliza idadi ya nyumba, wameomba picha, wameuliza kama bango lilionekana vizuri. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwa nimemwuliza Bibi Mastura. Ningeweza kusema ndiyo. Nilimtazama usoni nikashindwa, nikamwambia sijui.

"Enda umuulize," akasema, akaokota jembe lake. "Mimi niko hapa."

Nikarudi Nakuru kumwuliza.